Mawe Yaliyoshikana Bila Chokaa: Safari ya Ndhiwa na Thimlich Ohinga



Kila zinapokaribia likizo za shule, mazungumzo ya barazani kwetu huelekea safari. Wapo waliojaaliwa, ambao wamefika Uhispania kutazama athari za Andalus, wakarudi na picha za miji ya mashambani iliyozungukwa na kuta, na wengine wakaisifu Ávila, ambayo kuta zake zilianza kujengwa katika karne ya 11 na zingali zimesimama. Hayo ni mambo ya kupendeza, na anayeweza kwenda na aende. Mimi likizo iliyopita niliichukua aila yangu tukaenda kuona mji wa kuta uliomo katika nchi yetu wenyewe, mahali ambapo wengi wetu wa pwani hatujapata hata kupasikia jina. Pahala penyewe panaitwa Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, na njia tuliyoifuata ilipita Ndhiwa.

Sababu ya kupita Ndhiwa ni mpwa wangu, kijana wa dada yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa sekondari huko. Kwa miaka miwili alikuwa akitualika, nasi tukitoa udhuru. Safari hii hakutaka udhuru. "Mjomba," alisema katika simu, "mmenifundisha mimi Gedi na Ngome ya Yesu tangu utotoni. Sasa njooni nami niwafundishe kitu."

Basi tukaondoka watu watano: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, na kaka yangu mkubwa. Hapana budi niseme neno juu ya kaka, kwani bila ya neno hilo makala haya yatakuwa maelezo ya safari tu. Marehemu baba yetu alituachia nyumba katika Mji wa Kale, Mombasa. Nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, yenye zidaka ukutani na baraza mbele. Warithi ni wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Tangu baba alipofariki nyumba imefungwa, na dari ya ukumbini imeanza kudondoka. Kaka anaona iuzwe, kila mmoja apewe fungu lake kwa mujibu wa sharia, na mambo yaishe kwa salama. Mimi nilikuwa nikisema haiuzwi kamwe. Kwa muda wa mwaka mzima tulisalimiana na kusali safu moja, lakini mazungumzo yetu yalikuwa mafupi. Mke wangu ndiye aliyependekeza kaka atusindikize, naye kwa mshangao wangu akakubali.

Tulipanda gari moshi Mombasa hadi Nairobi, kisha basi la usiku hadi Kisumu, tukawahi alfajiri. Kutoka Kisumu barabara inafuata Ghuba ya Winam kwa upande wa kusini. Tulishuka Kendu Bay kupumzika, na watoto walistaajabu kuona msikiti na kuwakuta Waislamu wa siku nyingi katika mji huo mdogo wa ziwani. Kutoka hapo ukafuata mji wa Homa Bay, kisha Rodi Kopany, kisha Ndhiwa.

Ndhiwa ni nchi ya miwa. Pande zote mbili za barabara ni mashamba ya miwa, na matrela yaliyosheheni miwa yanakwenda polepole mbele yenu hadi dereva achoke. Sokoni tulikuta omena waliokaushwa wamemwagwa juu ya magunia kama tunavyoanika sisi dagaa, ngege wabichi kutoka ziwani, mtama, wimbi na mihogo. Mke wangu alijaribu salamu ya Kijaluo aliyofundishwa na mpwa wetu, "Oyawore", na muuza samaki akacheka kwa furaha akamwongeza ngege mmoja. Usiku huo tulikula samaki kwa ugali wa mtama, na kaka, ambaye kwa kawaida hali ugali, aliomba aongezwe.

Asubuhi ya pili, baada ya sala ya alfajiri, tulikodi gari tukaelekea Migori. Kadiri tulivyoendelea ndivyo miwa ilivyopungua na nchi ikawa ya vilima, vichaka na mawe. Mawe yalikuwa kila mahali: mashambani, kando ya njia, chini ya miti. Mpwa wetu akatwambia tuyatie moyoni mawe hayo, kwani ndiyo yaliyojenga tunakokwenda.

Jina la mahali hapo ni la Kijaluo. Thimlich ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma la ukuta, mahali pa kujihifadhi. Mtu anapofika hudhani kwanza kwamba ameletwa kutazama kilima chenye miti, maana ile miti ya utomvu mweupe, yenye matawi yaliyosimama kama kinara cha taa, imeuzunguka ukuta na kuuficha. Kisha jicho linazoea, na ukuta unajitokeza: mawe ya kijivu yaliyopangwa moja juu ya jingine, yakipinda kufuata umbo la kilima, pasipo pembe wala mstari ulionyooka.

Tulipokewa na mlinzi wa mahali, mzee wa makamo mwenye Kiswahili kizuri cha polepole. Alitwambia tuingie kwa kuinama. Hiyo haikuwa adabu tu. Mlango wa boma kubwa ni mfupi na mwembamba, umefunikwa juu kwa mawe marefu yaliyolazwa kama kizingiti, na mtu mzima hawezi kuupita ila ameinamisha kichwa na mgongo. Aliyekuja kwa shari aliingia mmoja mmoja, shingo mbele, na walinzi wakimngoja ndani. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, alipita wima akageuka kutucheka sote.

Ndani kuna maboma manne makubwa yenye majina yao: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndilo kubwa kuliko yote. Kuta zake mahali pengine zinamfika mtu kifuani, na mahali pengine zinapita mita nne kwenda juu. Unene wake ni kati ya mita moja na mita tatu. Ndani ya ukuta mkubwa mna vijiboma vidogo, ujia wa kupitisha mifugo, na mashimo ya duara ambamo zilisimama nyumba. Ng'ombe walilazwa katikati, watu wakawazunguka, na ukuta ukawazunguka wote. Walijilinda kwa maadui wenye kunyang'anya mifugo, na kwa wanyama wakali, kwani jina la msitu halikutolewa bure.

Wataalamu wanakisia kwamba kuta hizi zilijengwa katika karne ya 16. Msomaji na alinganishe: Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593. Yaani katika karne ile ile ambayo sisi pwani tulikuwa tukitazama ngome ya mgeni ikiinuka juu ya mwamba wa matumbawe, wenyeji wa bara karibu na ziwa walikuwa wakijijengea ngome zao wenyewe. Kadhalika hazikuwa moja wala mbili. Katika eneo lililokuwa likiitwa Nyanza ya Kusini zimehesabiwa sehemu 138 zenye majengo ya aina hii, na jumla ya majengo yenyewe ni 521. Thimlich Ohinga ndiyo kubwa na iliyohifadhika vyema kuliko zote.

Jambo lililotushangaza zaidi, sisi wana wa nyumba za chokaa, ni kwamba hakuna chokaa. Kwetu mwashi hachukui jiwe kabla hajauliza chokaa imechomwa tanuu gani na imelala siku ngapi. Hapa hakuna chokaa, wala udongo wa kugandishia, wala jiwe lililochongwa. Mlinzi alituonyesha mahali ukuta ulipofunguka ili tuone ndani yake. Kuna safu ya mawe makubwa upande wa nje, na safu nyingine upande wa ndani, na katikati yake mawe madogo madogo yaliyojazwa na kushindiliwa. Kila jiwe limechaguliwa likae juu ya mwenzake, nalo linashikwa na uzito wa yale yaliyo juu yake. Kaka yangu, ambaye alikuwa fundi wa ujenzi kabla ya kustaafu, alipiga magoti akatia mkono katika ufa, akakaa hivyo kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Huyu aliyepanga haya," alisema hatimaye, "alikuwa na subira kunishinda mimi."

Binti yangu aliuliza swali ambalo nadhani wengi wetu tungeliuliza: watu hawa walikuwa masikini waliojificha, au walikuwa na kazi na biashara? Mlinzi akatupeleka nje ya ukuta wa Kochieng, akatuonyesha mahali ambapo wahunzi walifua chuma. Kisha akatuonyesha mwamba wenye mashimo yaliyochongwa safu kwa safu, na watoto wakapiga kelele kwa pamoja, "Bao!" Naam, ni bao. Wajaluo huliita ajua. Mtu hachongi bao katika mwamba ikiwa hana saa za kukaa na mwenzake jioni.

Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba hadi nyumbani. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba humo walikuta shanga za kioo. Ndugu msomaji, shanga za kioo hazikutengenezwa vilimani huko. Zilivuka bahari, na kitu kilichovuka bahari kuja upande huu wa Afrika kililazimika kupita mkononi mwa mtu wa pwani. Shanga za namna hiyo tunazijua. Zimo katika vitu vilivyofukuliwa Gedi. Haikuwa lazima kwamba msafiri mmoja alizichukua kutoka baharini hadi ziwani. Huenda zilipita mikono mingi, soko kwa soko, zikabadilishwa kwa pembe, ngozi, chuma au nafaka. Lakini zilifika. Sisi tuliojizoesha kusema "watu wa bara" kana kwamba tunataja watu wa sayari nyingine, wazee wetu walikuwa wakifanya nao biashara pasipo kuonana. Nilikumbuka ile aya ya Suratul Hujurat inayotaja mataifa na makabila na sababu ya kuumbwa kwao, aya ambayo hatuachi kuitaja harusini, na nikaona haya kidogo, maana imenichukua miaka yangu yote hii kufika Ndhiwa.

Tukakaa chini ya mti, tukala tuliyofungasha. Ndipo mpwa wetu akauliza, kwa ajili yetu zaidi kuliko kwa ajili yake: waliojenga ukuta huu ndio Wajaluo wa leo?

Mzee yule alijibu kwa uangalifu. Alisema kwamba walioishi humo hawakuwa watu wa kabila moja wala wa lugha moja. Walikuja watu wa Kibantu, wakaja Waniloti, wakafuatana, kila kundi kwa zamani zake. Na kila lililokuja lilikuta kuta za waliotangulia. "Hawakuzibomoa," alisema. "Palipoanguka walipanga tena, kwa mawe yale yale na kwa namna ile ile. Ndiyo maana mpaka leo huwezi kutenga kazi ya huyu na kazi ya yule."

Nilimtazama kaka kwa upande wa jicho. Nakiri nilifurahi, kwani nilidhani mzee yule amenitetea bila kujua. Watu wasiokuwa na undugu wa damu wala lugha walirudishia mawe ya wenzao, na sisi watoto wa baba mmoja tunataka kuuza! Nilikuwa nimekwisha panga maneno yangu. Lakini kaka alinitangulia, na hakuzungumza nami, alizungumza na mzee.

"Na walipoondoka?"

"Walihama katika karne iliyopita," mzee akajibu. "Zama zilibadilika, vita vya kunyang'anyana mifugo vikapungua, watu wakajenga nje. Baadaye miti ikaota ndani ya kuta. Mizizi ikasukuma mawe. Zilipoachwa ndipo zilipoanza kuanguka, mpaka Makumbusho ya Taifa yalipokuja kuzitengeneza."

Kaka akatikisa kichwa. Kisha akanigeukia. "Umesikia? Karne tatu zilisimama kwa sababu palikuwa na watu wanaolala ndani. Jiwe likianguka jioni, asubuhi linarudishwa, maana mwenyewe ana watoto na ng'ombe. Haukushikwa na mapenzi ya mtu anayekaa mbali. Mimi nataka kuuza kwa kuwa hakuna anayelala pale. Wewe unasema haiuzwi, haya, unalala wapi?"

Nalala Kisauni, katika nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu, yenye maji ya bomba na nafasi ya kuegesha gari. Sikuwa na jibu. Mke wangu alijishughulisha na kufunga vyombo, na watoto wakaenda kupanda kwenye jiwe walilokatazwa. Nilitambua, si kwa furaha, kwamba mwaka mzima nimekuwa mtetezi wa kuta ambazo sikuwa tayari kulala baina yake.

Tulisali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa kukusanya na kupunguza kama ilivyo ruhusa ya msafiri, chini ya mti nje ya boma. Kaka alisalisha.

Njiani tukirudi Ndhiwa, mpwa wetu aliwasomesha watoto hesabu moja nzuri. Kenya ina turathi tano za utamaduni katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nne ziko pwani kwetu: Mji wa Kale wa Lamu ulioingia mwaka 2001, Misitu ya Kaya za Mijikenda mwaka 2008, Ngome ya Yesu mwaka 2011, na Gedi mwaka 2024. Ya tano ni Thimlich Ohinga, iliyoingizwa katika kikao cha Manama, Bahrain, mwaka 2018. Binti yangu akauliza kwa nini shuleni kwao wamepelekwa Ngome ya Yesu mara tatu na Gedi mara mbili, na hiyo ya tano hakuna hata mwalimu aliyeitaja. Mpwa wetu akasema wanafunzi wake wa Ndhiwa nao wangeweza kuuliza vivyo hivyo kuhusu Gedi.

Kwa aila itakayopenda kufuata nyayo zetu, nina maneno machache. Thimlich Ohinga iko umbali wa kilomita 46 hivi, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Anayetoka Kisumu aweza kuifikia kwa njia ya Homa Bay na Ndhiwa kama tulivyofanya sisi. Usafiri wa umma haufiki mlangoni kwa urahisi, basi ni afadhali kukodi gari na dereva anayeijua njia. Ondokeni asubuhi, kwani jua la mchana ni kali na mawe yanalihifadhi. Chukueni maji ya kutosha, chakula na mikeka. Valieni viatu vilivyofunga miguu, maana vichaka vina miiba. Wazuieni watoto wasipande ukutani. Ukuta usio na chokaa haumsamehe mtu anayeondoa jiwe moja. Na mtakapofika, msiwe na haraka ya kupiga picha. Kaeni na mlinzi, mwacheni azungumze.

Kuhusu nyumba yetu, msomaji atataka kujua. Haikuuzwa, na wala sisemi kwamba haitauzwa. Ni haki ya warithi wote wanne na si yangu peke yangu. Wiki mbili baada ya kurudi tulikutana wote ukumbini, chini ya dari ile ile inayodondoka, jambo ambalo hatukulifanya tangu siku za tanzia. Nilisema mbele ya dada zangu kwamba niko tayari kuhamia na kulipa kodi kwa kadiri ya mafungu yao, kwa muda wa miaka miwili, na kodi hiyo iingie katika matengenezo. Miaka ikiisha na nyumba ikiwa bado inatushinda, sitakuwa na neno. Dada zetu wameomba muda wa kufikiri. Kaka hakusema ndiyo wala la. Lakini kabla ya kuondoka alipanda darini na tochi, kwa miaka yake sitini na nane, akazigonga boriti moja moja kwa ukingo wa kiganja chake akisikiliza. Aliposhuka, kanzu imejaa vumbi, alisema kwamba boriti tatu zimeoza na kumi na moja ni nzima.

Wabillahi tawfiq.